Mbwa mzee anapokojoa ndani: ninavyomtunza Shaba

Shaba ana miaka 13. Ni jike, chotara wa Jemani Shepadi na mbwa wetu wa kienyeji, na jina lake limetokana na rangi ya manyoya. Miaka yote hiyo amelala koridoni karibu na mlango wa jikoni, na hakuwahi kukojoa ndani hata mara moja. Akibanwa alikwaruza mlango, unamfungulia, basi. Mwezi wa Juni mwaka jana, baridi ya Moshi ikiwa imeshika sawasawa, nilitoka chumbani saa 11 alfajiri kwenda kubandika chai nikakanyaga maji ya uvuguvugu. Nilidhani bomba limepasuka, mpaka harufu iliponifikia.

Kijana anayenisaidia kazi alisema, "Mama, huyu mbwa ameanza kutudharau." Siku hiyo nilimwamini. Nilimvuta Shaba hadi kwenye dimbwi nikamkemea kwa sauti. Alilaza masikio, akafyata mkia, akaenda kujibanza nyuma ya kabati la vyombo. Kwa siku kadhaa hakukojoa tena koridoni. Alihamia nyuma ya kabati, na sisi tulichukua wiki nzima kugundua, mbao za chini zikiwa zimeshavimba.

Jambo hilo bado linaniuma, maana nilipaswa kujua. Nimefanya uuguzi miaka 31, mingi kati ya hiyo kwenye wodi ya wanawake, na sikuwahi kumkemea bibi wa watu kwa kulowesha shuka. Mgonjwa akilowesha kitanda tulijiuliza: ana homa? Ameshindwa kufika chooni? Ameanza dawa gani juzi? Mbwa mzee anastahili maswali yaleyale. Hafanyi kusudi. Kuna mahali pamelegea, iwe ni kibofu, miguu, figo au kichwa, na kazi yako ya kwanza ni kujua ni wapi.

Lisome dimbwi kabla hujalifuta

Tafuta daftari la shule, ulifunge kwa kamba kwenye mlango wa jikoni pamoja na kalamu. Kila akikojoa ndani, andika saa, mahali, kiasi, na alikuwa anafanya nini. Kiasi kikadirie kwa vyombo vya jikoni: kijiko, kikombe cha chai, bakuli. Waambie wote wa nyumbani waandike, watoto nao. Siku 7 zinatosha, ilmradi huoni zile dalili za hatari nitakazozitaja mbele.

Ukurasa wetu wa kwanza ulisomeka hivi: "Jumatatu saa 11 alfajiri, kwenye tandiko, kikombe kimoja, amelala, hakuamka. Jumatatu saa 8 mchana, hatua mbili kabla ya mlango, bakuli zima. Jumanne saa 11 alfajiri, kwenye tandiko, kikombe." Ukitazama vizuri, hapo kuna matatizo mawili. Mkojo wa kwenye tandiko ulimtoka usingizini bila yeye kujua, maana yake kibofu kinavuja. Ule wa karibu na mlango alikuwa anaujua na anaukimbilia, ila miguu haikumfikisha.

Kuvuja usingizini huwapata sana majike waliofungwa uzazi, kama Shaba. Homoni zikipungua, misuli inayobana njia ya mkojo hulegea, na mbwa akilala fofofo mkojo unajitokea. Mbwa wa namna hii akiwa macho hukojoa vizuri tu, na wengi wao huamka wakashangaa tandiko kulowa kuliko wewe unavyoshangaa.

Anayetoa matone mara kwa mara, anayechuchumaa hapa, anasogea hatua tatu, anachuchumaa tena, anajilamba sana sehemu za siri, huyo mfikirie maambukizi ya njia ya mkojo au mawe kwenye kibofu. Dume ambaye hajahasiwa, ongeza tezi dume kwenye orodha. Madimbwi makubwa, mepesi na meupe kama maji, pamoja na mbwa kunywa bila kutosheka, yanaelekeza kwenye figo, kisukari, au ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Yanaweza pia kuwa ya dawa: prednisoloni humfanya mbwa anywe na kukojoa kupita kawaida, na dawa za kupunguza maji mwilini ndiyo kazi yake hiyo.

Halafu yuko yule aliyerudi kutoka nje dakika tano zilizopita, akaingia sebuleni, akasimama katikati ya zulia akakojoa akiwa macho makavu. Usiku anazungukazunguka. Anakodolea ukuta. Akitaka kutoka anasimama upande wa bawaba za mlango badala ya upande unaofunguka. Hapo ubongo umechoka, kama tunavyoona kwa wazee wetu, na msaada wake ni wa namna nyingine.

Pima maji anayokunywa

Hiki kipimo hakina gharama na daktari atakishukuru kuliko maelezo yoyote. Kwanza ujue uzito. Sisi tulimpeleka Shaba kwenye duka la pumba lenye mzani wa magunia, akasimama juu yake: kilo 24. Mbwa mdogo mbebe, upande naye kwenye mzani wa watu, kisha utoe uzito wako.

Asubuhi jaza chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Siku nzima, maji ya bakuli lake yatoke kwenye chupa hizo tu. Kesho yake saa ileile, kwenye lita hizo tatu toa kilichobaki kwenye chupa na kwenye bakuli, upate alichokunywa. Mbwa mzima hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, chini ya hapo kidogo ikiwa anakula ugali wenye mchuzi. Akivuka mililita 100 kwa kilo, hiyo si kiu ya kawaida. Kwa kilo 24 za Shaba mpaka huo ni lita 2 na nusu kasoro kidogo. Rudia siku tatu.

Ziba vyanzo vingine kabla hujaanza. Siku ya kwanza Shaba alikunywa lita moja tu nikafurahi, kumbe alishakata kiu kwenye chombo cha maji ya kuku.

Na hata ukiona anakunywa mno, usimnyime maji ili asikojoe. Mbwa ambaye figo zimechoka anakunywa kwa sababu mwili hauwezi kuyashika maji. Ukimfungia bakuli usiku kucha unaweza kumkuta asubuhi hoi. Maji yawepo saa zote. Kinachopunguzwa ni chumvi. Sisi tuliacha kummwagia mchuzi uliobaki mezani na dagaa wa chumvi, na chakula cha jioni tukakirudisha nyuma kutoka saa 2 usiku hadi saa 11 jioni, ili apate muda wa kukojoa kabla hatujalala.

Kwa daktari wa mifugo

Bwana mifugo wa kata yetu ni mtu mwema, lakini siku zake zinaishia kwa ng'ombe wa maziwa na kuku. Uliza mpaka umpate daktari aliyezoea mbwa. Nenda na daftari, hesabu ya maji, na mkojo.

Mkojo wa mbwa hukingwa hivi: alfajiri, kabla hajanywa wala kula, mfunge kamba umtoe. Chukua upawa uliooshwa na kuchemshwa, ukapoa. Akichuchumaa, ngoja sekunde mbili tatu, kisha upitishe upawa taratibu kutoka nyuma. Usimkimbilie na usiongee. Mara ya kwanza Shaba alisimama katikati ya kukojoa akanitazama. Mara ya tatu alikuwa ameshazoea. Mimina kwenye kichupa safi cha maabara, ufikishe ndani ya saa moja au mbili. Ikishindikana, weka kwenye friji, tena mbali na vyakula.

Nilikuwa na vijiti vya kupimia mkojo nyumbani, vile vya wodini, nikampima mwenyewe. Sukari vinaonyesha vizuri hata kwa mbwa, na damu pia. Lakini kipande cha kupimia chembe nyeupe za damu hakiaminiki kwa mbwa, na kile cha uzito wa mkojo vilevile. Changu kilionyesha hakuna chembe nyeupe, nikajiridhisha kwamba hana maambukizi. Daktari alipoutazama mkojo kwa hadubini alikuta bakteria wamejaa. Kwa hiyo wauguzi wenzangu, kijiti kisiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Usingoje daftari lijae ukiona haya. Mbwa anajikamua na mkojo hautoki, au yanatoka matone mawili tu: mpeleke siku hiyohiyo, usiku huohuo ikibidi, kwa sababu njia ikiziba kabisa mbwa hufa. Jike ambaye hajafungwa uzazi, ametoka kwenye joto wiki chache zilizopita, anakunywa sana, hali chakula, na pengine anatoa usaha ukeni: kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha, na hiyo mara nyingi ni operesheni. Miguu ya nyuma imelegea ghafla na mkojo unamtoka: uti wa mgongo. Majike wetu wengi hapa hawajafungwa uzazi, kwa hiyo hiyo ya pili itilie maanani sana.

Shaba alipewa antibiotiki kwanza, dozi ikamalizika, mkojo ukapimwa tena. Matone ya mchana yakaisha. Kuvuja kwa usiku kukabaki, ndipo daktari akampima shinikizo la damu na kumwandikia fenilpropanolamini, dawa inayosaidia ile misuli ya njia ya mkojo kubana. Ilibidi iagizwe. Kwa miguu akampa dawa ya maumivu ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake.

Hapo kwenye maumivu niseme kwa nguvu zangu zote. Muuza dawa mmoja aliponisikia nikilalamika kuhusu magoti ya mbwa alinishauri nimpe nusu kidonge cha diklofenaki, "tena kile unachokunywa mwenyewe." Usithubutu. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na parasetamoli nayo imeua mbwa wengi. Dawa ya binadamu iliyomo kabatini kwako haimhusu mbwa mpaka daktari wake aseme.

Mfikishe nje mapema

Kufungua mlango hakutoshi tena. Mbwa mzee akifunguliwa mlango kwenye manyunyu anasimama barazani, ananusa, anageuka kurudi, na wewe unadhani ameshamaliza. Toka naye. Shaba anakwenda chini ya mparachichi, mahali palepale kila mara, na mimi nasimama na mwavuli mpaka amalize, kisha nampa kipande cha ini, kama alivyopewa alipokuwa mtoto. Ini litolewe hapohapo, usisubiri mpaka mrudi jikoni.

Saa zetu ni hizi: saa 11 na nusu alfajiri, baada ya chakula cha asubuhi, saa 4, saa 7, saa 10, baada ya chakula cha saa 11, na saa 3 usiku kabla ya kulala. Ongeza kila anapoamka kutoka usingizi mrefu. Ukiona daftari linaonyesha anachafua saa 8 usiku, tega saa ya simu saa 7 na nusu. Nimefanya hivyo miezi kadhaa. Ni kazi, ila kufua blanketi saa hiyo ni kazi kubwa zaidi.

Njia ya kufika nje nayo ikague ukiwa umeinama, macho yawe usawa wa mbwa. Tulipoweka marumaru koridoni miaka sita iliyopita niliona nyumba imependeza. Kwa Shaba ilikuwa barafu. Miguu ya nyuma ilikuwa ikiteleza kila anapojaribu kuinuka, naye akawa anaahirisha kuinuka mpaka mkojo unamshinda. Tulitandika vipande vya zulia lenye mpira chini, kuanzia tandiko lake hadi mlangoni, bila kuacha pengo. Pengo la hatua moja tu linamfanya asimame. Mkate kucha zake, maana kucha ndefu humwinua vidole visishike sakafu, na punguza manyoya yaliyoota kati ya nyayo.

Mlango wetu wa jikoni una ngazi tatu. Fundi seremala alitutengenezea ubao wa futi sita kwenda chini, upana futi moja na nusu, akaupigilia vipande vya tairi kuukuu kila baada ya shubiri moja. Kwa urefu huo mteremko hauwi mkali. Siku ya kwanza Shaba aliukataa katakata. Nikaweka punje za ini kila kipande cha tairi, sikumvuta, nikaenda kukaa chini kwenye kigoda. Siku ya tatu aliteremka.

Baridi ikizidi, Juni na Julai, viungo vinakaza na kuinuka kunamshinda. Hapo nachukua kanga, naikunja mara nne kwa urefu, naipitisha chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, nashika ncha zote mbili juu ya mgongo na kumwinua. Usimbebe uzito wote. Msaidie asimame, halafu tembea naye hivyo hadi nje. Jike akichuchumaa, legeza kanga lakini usiiachie.

Tandiko

Hapa ndipo wodi ilinisaidia. Chini kabisa kuna godoro la sponji, inchi nne, kwa ajili ya viwiko na nyonga. Juu yake makintoshi, ile shiti ya mpira ya hospitali, imefunika godoro hadi pembeni na kukunjwa chini. Usipoipata, plastiki nzito ya kufunikia meza inafaa. Juu ya makintoshi tandika kitu kinachonyonya: kanga kuukuu mbili tatu au taulo. Juu kabisa weka blanketi jepesi la sintetiki lenye manyoya mafupi. Pamba hushika maji na kukaa nayo, ila blanketi la namna hii huyapitisha yakanywewa na taulo, na ngozi ya mbwa inabaki karibu kukauka hata akivuja usiku. Mablanketi haya niliyapata kwenye soko la mitumba la Memorial. Yashike kwa mkono: yakiwa ya pamba yaache.

Uwe na seti tatu. Moja chini yake, moja kwenye kamba, moja kabatini. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, nguo haikauki kwa siku mbili, na seti mbili zitakuaibisha.

Kuna nzi anayependa kutaga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Mayai yakianguliwa, funza wanaingia kwenye ngozi ya mbwa na ya mtu pia, wanafanya majipu. Kwa hiyo matandiko ya mbwa nayo yapigwe pasi, pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, unampigia mbwa pasi?" Nikamwonyesha jipu alilokuwa nalo Shaba begani.

Kusafisha

Vaa glavu. Mkojo wa mnyama unaweza kubeba bakteria wa homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, na bakteria hao huingia kupitia michubuko, macho na mdomo. Mbwa naye ana chanjo yake, muulize daktari.

Kwanza kausha. Usisugue, gandamiza magazeti au tambara mpaka haliloi tena. Kwenye saruji mwaga maranda ya seremala, yaache robo saa, yafagie. Kisha maji ya kawaida, si ya moto, kwa sababu moto huungamanisha doa na kitambaa. Halafu kinachofanya kazi hasa ni vimeng'enya, vitu vinavyovunjavunja uchafu wa mkojo. Sabuni za unga nyingine zinavyo, nyingine hazina. Jina lake la Kiingereza, enzymes, huandikwa nyuma ya pakiti. Koroga vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji vuguvugu, mwaga kupita mipaka ya doa, funika kwa plastiki ili pasikauke, uache saa kadhaa. Nilipokuwa nafuta mara moja na kuondoka nilikuwa najidanganya. Ndani ya mkojo kuna chembe ambazo maji peke yake hayaziyeyushi vizuri. Zinakauka, zinanyamaza, na siku mvua ikinyesha na hewa ikawa na unyevu, harufu inaamka upya. Pua ya mbwa haikungoja mvua, yeye aliijua siku zote, ndiyo maana anarudi palepale.

Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inasaidia kuondoa harufu kwenye marumaru na nguo. Kwenye saruji isikae, inaila.

Jiki usiimwage juu ya mkojo. Inakutana na amonia na kutoa mvuke unaochoma kifua, na nyumbani kwenye korido nyembamba yenye mlango uliofungwa utaikohoa siku nzima. Jiki na siki pamoja ni hatari zaidi. Kama unataka kuua vijidudu, osha mkojo uishe, suuza, ndipo upitishe jiki iliyozimuliwa, na madirisha yawe wazi. Dawa za sakafu zenye amonia ziache dukani: kwa mbwa zinanukia kama mbwa mwingine amekojoa hapo.

Harufu ipo na doa hulioni? Muombe muuza duka wa jirani ile tochi ya mwanga wa zambarau anayokagulia noti. Ngoja giza liingie, zima taa, pitisha taratibu karibu na sakafu na kuta. Mkojo mkavu unang'aa. Hivyo ndivyo nilivyolikuta lile la nyuma ya kabati, na lingine kwenye mguu wa kochi ambalo sikulifikiria kabisa.

Ngozi

Mkojo unaounguza mapaja ya mgonjwa unaunguza ya mbwa vilevile. Punguza kwa mkasi manyoya ya nyuma ya mapaja na kuzunguka uke. Kila asubuhi osha kwa maji vuguvugu, kausha kwa kugandamiza, paka mafuta ya mgando kwa utando mwembamba. Wodini tungepaka krimu ya zinki, na mkono wangu ulikuwa umeshaifuata kabatini. Mbwa anajilamba, na zinki ikiingia tumboni ni sumu. Usiitumie. Ukiona ngozi nyekundu yenye unyevu, vipele, au nzi wanamng'ang'ania, rudi kwa daktari. Funza kwenye manyoya yaliyolowa huanza haraka wakati wa joto.

Pampasi tunazitumia wageni wanapokuja na safarini tu. Ya mtoto mkubwa, tundu la mkia limekatwa kwa mkasi na kingo zake zimezibwa kwa plasta ili ile jeli isimwagike. Ibadilishe kila baada ya saa tatu au nne, na usimwache nayo peke yake, anaweza kuitafuna. Dume hufungwa mkanda wa kitambaa kiunoni wenye pedi ndani.

Ikiwa kichwa ndicho kinachopotea

Shaba hajafika huko, lakini nimemtunza mbwa wa dada yangu kule Machame alipofika. Usihamishe kochi wala bakuli. Acha taa ndogo iwake koridoni usiku kucha. Punguza eneo: ubao wa kuzibia mlango wa sebule, ili usiku awe na korido na tandiko tu. Mtoe mara nyingi zaidi, kila saa mbili akiwa macho, bila kusubiri aombe, kwa kuwa kuomba ndiko alikokusahau. Na mpeleke kwa daktari hata hivyo. Uziwi, upofu na maumivu huweza kufanana na kusahau, na hayo mengine yana dawa.

Daktari wetu aliniambia niandike kitu kimoja zaidi kwenye daftari kila jioni: leo amekula, amekuja mlangoni kunipokea, amelala bila kulia? Alama ya vyema au mkato. Mkojo haumo kwenye hesabu hiyo. Alisema tutazungumza habari ya sindano ya mwisho mikato itakapozidi vyema kwa wiki mbili mfululizo, na tutaizungumza tukiwa na daftari mbele yetu. Nilishukuru, kwa sababu majirani walishaanza kuniuliza nangoja nini na mbwa anayenuka.

Mwezi huu ana mikato minne. Mitatu ni ya siku za manyunyu, mmoja ni wa siku alipoharisha. Tandiko limelowa mara mbili. Jana saa 10 aliteremka ubao mwenyewe kabla sijavaa kandambili, nikamfuata mbio na ini mkononi.